Seti ya kingipini ya lori kuukuu: nunua, lakini pima jicho la ekseli kwanza

Haya jamaa zangu wa malori, leo mezani pana seti ya kingipini za ekseli ya mbele, ya lori la zamani. Kingipini ni ile pini nene inayopita kwenye jicho, yaani tundu la ncha ya ekseli, na kushika stabu, kile kipande kinachobeba gurudumu na kugeuka nalo. Tazameni boksini: pini 2, bushi 4 za shaba (vibomba vifupi ambamo pini hukaa), beringi 2 za mzigo, pini 2 za kufungia na nati zake, vifuniko, nipo za grisi, na shimu (vipande vyembamba vya kujazia nafasi) za unene tofauti.

Kabla hujatoa hela, hakikisha iliyokufa ni kingipini kweli. Zuia magurudumu ya nyuma, piga jeki chini ya ekseli, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie utingo akanyage breki. Mchezo ukipotea, hiyo ni beringi ya habu, kitovu cha gurudumu. Ukibaki, ni kingipini. Likicheza ukishika kushoto na kulia, tazama ncha za tai rodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele.

Pini nimezipenda: maikromita, kile kipimo cha unene, inasoma sawa juu, kati na chini. Bushi zimeachwa na tundu dogo kusudi, zipitishwe rima (kifaa cha kupanua tundu) zikishaingia. Muuzaji akikwambia "gonga tu, itaingia", huyo anakuandalia seti ya pili. Pini iteleze kwa mkono bila kutikisika, na tundu la grisi la bushi litazamane na la nipo. Yakipishana, grisi haipiti.

Udhaifu uko kwenye beringi ya mzigo: kifuniko chake ni bati jepesi. Kwa lori linalobeba chumvi ya Gongoni na Marereni kuja Malindi, hiyo ndiyo itakayoshika kutu mwanzo, na usukani utakuwa mzito. Ijaze grisi kabla ya kuiweka, upande wa wazi wa kifuniko utazame chini, maji yasituame. Kwa bati hilo, seti naipa 7 kwa 10.

Kutoa pini ya zamani ndiyo kazi yenyewe. Wengi husahau kutoa kwanza pini ya kufungia, wakagonga hadi kichwa cha kingipini kikachanua kama uyoga. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu, ilale usiku kucha, kisha isukume kwa presi. Usiichome ekseli ikawa nyekundu, maana chuma chake kimetiwa ugumu kiwandani na moto huo unaulegeza.

Jicho likishakuwa wazi, lisafishe, uingize pini mpya. Ikipwaya humo, hakuna seti itakayokusaidia, ya bei rahisi wala ya ghali. Mpelekee fundi wa kukereza alitie bushi, au tafuta ekseli nyingine. Seti nyingi zinazolaumiwa zimeonewa hapa.

Ukirudisha, shimu ziondoe mchezo wa juu na chini, lakini stabu igeuke bila kukwama. Uwazi upime kwa fila geji (vibati vya kupimia nafasi), ufuate kitabu cha lori lako.

Kwenye habu tia sili mpya, beringi uzipakie grisi hadi ndani ya rola. Kaza nati huku ukizungusha habu, ilegeze, kisha irekebishe hadi mchezo ubaki kati ya 0.03 na 0.13 mm. Ukikaza kabisa, beringi itaungua. Kota pini, ile inayozuia nati isilegee, iwe mpya. Halafu lori lipimwe mwelekeo wa magurudumu, na baada ya siku chache za kazi rudi ukaze tena nati za pini za kufungia.