Masaji Bukavu: mwambie mkandaji kazi yako kabla hajakugusa

Mimi ni fundi wa kushona, Kadutu. Anayeinamia cherehani kutwa anajua maumivu yanakokaa: chini ya shingo, kisha yanashuka bega la kulia. Wakati wa harusi, kila mteja anapotaka nguo yake Jumamosi, hata kugeuza kichwa kunakuwa kazi. Kwa hiyo nyumba ya masaji naipima kwa jambo moja: wanauliza kwanza, au wanakimbilia mafuta?

Hii ninayoisifu iko upande wa Nguba, ghorofani, vyumba vitatu tu. Dada aliyenipokea alinikalisha kabla ya kutaja bei. "Mama, unafanya kazi gani? Maumivu yanashuka mkononi? Vidole vinakufa ganzi?" Akauliza presha, sukari, mimba, dawa ninazomeza. Halafu akaweka kidole gumba juu ya bega, pale msuli unapotoka shingoni, akabonyeza polepole na kushikilia, bila kusugua. Maumivu yakapanda hadi nyuma ya sikio. "Ni hapo," akasema. Bango la mlangoni linasifu mawe ya moto, ndiyo ya bei ya juu kuliko zote, lakini hakunisukumia. Alinishauri masaji ya nguvu mabegani na mgongo wa juu tu, mwili uliobaki masaji ya Kiswidi. Kesho yake bega liliuma kidogo, kama alivyonionya, na keshokutwa nilikata vitambaa huku nikigeuza shingo pande zote mbili.

Alisomea kazi ya kine, yaani tiba ya viungo na misuli, na miondoko mitano ya Kiswidi anaitaja kwa Kifaransa, kama ilivyopangwa na daktari Mholanzi Johann Georg Mezger katika karne ya 19: kuteleza na kiganja, kuminya, kusugua, kupigapiga, kutetemesha. Kama hujawahi kukandwa, au umechoka tu na usingizi hauji, chukua hiyo. Ile ya nguvu ni ya fundo la msuli lililokaa muda mrefu. Ukikunja uso na kushika pumzi, mwambie apunguze, kwa sababu msuli unaojihami haulegei.

Masaji ya Kithai, ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia usioshikika mwaka 2019, inafanyika kwenye mkeka, umevaa nguo zako, bila mafuta. Anakuvuta na kukukunja viungo. Ningependa madereva wa moto, yaani pikipiki, waijaribu, hasa wale ambao nyonga zimekakamaa kwa kukaa. Pia inawafaa akina mama wengi wa hapa wasiopenda kuvua nguo mbele ya mgeni, na hiyo si aibu, ni haki yao.

Mawe ya moto yanastarehesha kweli mvua ikinyesha. Lakini mtu wa sukari ambaye miguu imepoteza hisia asiyaguse: ataungua bila kujua. Mahali pengine, umeme ulipokatika, niliona mawe yakitolewa juu ya mbabula, jiko la mkaa, na kupelekwa moja kwa moja mgongoni mwa mteja. Hakuna aliyeyajaribu kwanza kwenye kiganja chake. Niliondoka. Huku Nguba yanapashwa kwenye maji yenye kipimajoto, na umeme ukikatika huduma hiyo inasimama.

Kuna watu dada huyu anawarudisha, na kwa hilo ninamheshimu zaidi. Mguu mmoja umevimba, una joto na unauma kwenye shavu la mguu? Haukandwi, ni hospitali: damu iliyoganda inaweza kung'oka ikaenda kwenye mapafu. Homa? Kapime malaria kwanza. Mjamzito humlaza ubavu, mito katikati ya magoti, kwa sababu mimba ikikua, kulala chali kunabana mshipa mkubwa wa damu.

Kasoro zipo. Ngazi hazina cha kushikilia, na mzee mwenye magoti mabovu ndiye hasa anayehitaji huduma hii. Honi za barabarani zinaingia hadi kitandani. Nililipa dola 20 kwa saa moja, na kwangu ilistahili. Weka nafasi asubuhi, Jumamosi kunajaa. Na kagua dola zako nyumbani: noti iliyochanika hata pembeni hawaipokei, franka wanapokea.