Spika zisizo na waya zinazokata sauti: zangu nimezitibu hivi

Spika hizi za masikioni nilizinunua Kariakoo, za bei ya kati. Sauti ni safi, besi ina uzito bila kufunika maneno ya mwimbaji, na chaji inanifikisha jioni nikizirudisha kwenye kasha mchana. Tatizo lilikuwa moja: zinakata. Wimbo unaendelea vizuri, mara unakatika, unarudi, unakatika tena. Niliporudi dukani muuzaji akaniambia, "Kaka, za bei hiyo zote ndivyo zilivyo, ongeza hela uchukue zile kubwa." Sikuongeza. Leo zinafanya kazi, na inaniuma kuona watu wanatupa za kwao kwa ugonjwa huuhuu.

Anza kwa kusikiliza zinakataje. Zikikata zote mbili kwa pamoja kisha zikarudi, shida mara nyingi iko kwenye mawasiliano kati yake na simu. Upande mmoja ukififia kidogo kidogo, shuku uchafu. Upande mmoja ukizima kabisa huku ule wa pili ukiendelea, angalia chaji ya uliozima.

Zangu zilikuwa za aina ya kwanza, na kilichonisumbua zaidi ni mahali. Nyumbani naacha simu sebuleni, naingia jikoni, muziki hautikisiki. Nikitembea jioni kwenye Daraja la Tanzanite, simu iko mfukoni mwangu, zinakata kila hatua chache. Ukisikia hivyo utadhani ni mchezo, lakini sababu ipo. Bluetooth husafiri kwa mawimbi ya masafa ya GHz 2.4, ambayo hufyonzwa na maji, na mwili wa mtu sehemu kubwa ni maji. Simu ikikaa mfuko wa nyuma wa kushoto na spika inayopokea iko sikio la kulia, kiwiliwili chako kimesimama katikati. Ndani ya nyumba mawimbi hudunda ukutani na darini, yakazunguka mpaka sikioni. Darajani hakuna ukuta wala dari.

Nikahamishia simu mfuko wa mbele, upande wa kulia, kwa sababu kwenye aina hii spika ya kulia ndiyo inayopokea kisha inampitishia mwenzake. Unaweza kujua ya kwako ni ipi kwa kusogeza simu pande zote mbili na kusikiliza. Kukata kukapungua sana, ila hakukuisha.

Kilichobaki kilitokana na kodeki, yaani namna simu inavyoibana sauti kabla ya kuirusha. Simu yangu ya Android ilikuwa inatumia kodeki iitwayo LDAC, ambayo kiwango chake cha juu ni kilobiti 990 kwa sekunde, karibu mara tatu ya SBC, kodeki ya kawaida ya Bluetooth. Mzigo ukiwa mkubwa hivyo, mawasiliano yakiyumba kidogo tu sauti inakatika. Kwenye mipangilio ya simu niligusa nambari ya toleo la programu (Build number) mara saba, chaguo za wasanidi, menyu iliyofichwa, zikafunguka, nikashusha hadi 660. Bahati mbaya kwenye simu yangu mpangilio huo ulirudi ulivyokuwa kila nikizima Bluetooth. Mwishowe niliingia kwenye ukurasa wa spika hizi ndani ya mipangilio ya Bluetooth na kuizima LDAC, ikabaki AAC, kodeki yenye mzigo mdogo zaidi. Hapo ndipo daraja lote nikalivuka bila wimbo kukatika. Barabarani tofauti ya ubora siisikii hata kidogo. Usiku chumbani naisikia, na hapo huiwasha tena. Wenye iPhone hili haliwahusu, kwa kuwa simu hizo hazina LDAC.

Miezi kadhaa baadaye ya kushoto ilianza kugoma. Jasho la Dar lilikuwa limefanya utando kwenye vipini vya kuchajia, kwa hiyo ilikuwa inalala kwenye kasha bila kuingiza moto. Pamba ya kusafishia masikio iliyoguswa spiriti kidogo ilitosha. Kwenye wavu wa sauti nilitumia mswaki mkavu laini, nikiwa nimeiinamisha ili nta idondoke nje. Usichokoe kwa sindano, utatoboa wavu.

Ule ushauri wa kufuta kifaa kwenye simu na kuunganisha upya kwangu ulisaidia pale tu spika moja ilipokataa kumtambua mwenzake. Kwa sauti kukatika haukubadilisha chochote.

Ningezinunua tena, kwa bei ileile. Ninachowalaumu watengenezaji ni kile kikaratasi cha ndani ya boksi: kinaeleza namna ya kubonyeza tu, hakina neno hata moja kuhusu kodeki wala simu ikae mfuko gani. Ukienda kununua za kwako, usizijaribu umesimama kaunta. Weka simu mfuko wa nyuma, omba utoke nje, utembee kidogo penye uwazi. Muuzaji akikataa, maduka Kariakoo ni mengi.