Biblia Ipi Ununue Unapoanza Kusoma Kila Siku: Mwongozo kwa Walio Nyanda za Juu Kusini

Anayeanza kusoma Biblia kila siku haulizi ipi ni nzuri kuliko zote dukani. Anatafuta ile atakayoifungua kesho alfajiri, mwezi wa sita, Njombe au Uyole, baridi imekaza na taa ni ya sola. Hicho ndicho kipimo nilichotumia kuzipanga hapa. Bei sitaji, kwa sababu hutofautiana duka hadi duka. Pitia mawili matatu kabla ya kulipa.

Ya kwanza: Habari Njema, saizi ya kati

Kwa anayeanza, tafsiri hii ndiyo naiweka mbele bila kusita. Kiswahili chake ni cha siku hizi, sentensi ni fupi, na vichwa vidogo vinakuonyesha habari moja inapoishia na nyingine inapoanza. Mtu aliyemaliza darasa la saba Mufindi anaisoma sura nzima ya Marko asikwame popote. Wapo wazee wa kanisa wanaosema ni nyepesi mno. Nawaheshimu, ila kwenye hili sikubaliani nao: tabia ya kusoma hufa pale msomaji anaporudia mstari uleule mara tatu na bado hajaelewa. Aelewe kwanza, uzito wa lugha atauzoea baadaye.

Mkatoliki aangalie jambo moja kabla hajatoa pesa. Habari Njema imechapishwa kwa namna mbili, yenye vitabu vya Deuterokanoni, yaani vile saba vya ziada vilivyomo katika Biblia ya Kikatoliki, na isiyo navyo. Fungua ukurasa wa yaliyomo utafute Tobiti, Yudithi na Yoshua bin Sira. Ukiviona, umeshika Biblia ya vitabu 73. Usipoviona, hiyo ni ya vitabu 66, na siku utakapotaka kufuatilia somo la Misa kutoka Sira hutalipata.

Ya pili: Union Version

Tafsiri hii ilitoka kamili mwaka 1952, na ndiyo inayosomwa madhabahuni katika sharika nyingi za Kilutheri na shirika za Moravian mikoani kwetu. Mistari uliyoikariri Sunday school imetoka humo. Ina uzuri wake, hasa Zaburi, ambazo ukizisoma kwa sauti unasikia mdundo wenyewe. Ugumu unaanza kwenye nyaraka za Paulo: sentensi ni ndefu, na maneno yameandikwa kizamani, kama "lo lote" na "ye yote". Kama tayari uko kwenye kikundi cha kujifunza Biblia na wenzako wote wanatumia Union, anza nayo tu, maana kusoma pamoja na watu kutakubeba kuliko urahisi wa lugha. Vinginevyo iwe ya pili kuinunua, uilinganishe na Habari Njema mstari kwa mstari.

Namna ya kuikagua mkononi

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa, kwa hiyo usiwe na haraka. Ifungue Isaya 40, ukiwa ndani ya duka, mbali na mlango. Soma mistari mitano bila kuisogeza karibu na uso. Ukilazimika kukunja macho, irudishe uombe yenye maandishi makubwa zaidi, hata kama ni nzito. Kisha igeuze uitazame mgongo kwa juu, pale karatasi zinapokutana na jalada. Iliyoshonwa inaonyesha vifungu vya karatasi vilivyokunjwa, na ukifungua katikati ya kifungu unauona uzi. Iliyogandishwa kwa gundi peke yake inaonekana kama ukingo mmoja ulionyooka, na ukiifungua kila siku kurasa zitaanza kuchomoka, mara nyingi kuanzia Mwanzo, kwa sababu kila mtu huanzia huko.

Karatasi za Biblia ni nyembamba kwa kawaida. Inua ukurasa mmoja. Kama maandishi ya upande wa pili yanakusumbua kusoma, iache. Na kwa walio Tukuyu, ambako mvua haiishi na unyevu unaingia hadi kabatini, jalada la plastiki gumu linafaa kuliko la karatasi.

Ya tatu: Agano Jipya na Zaburi, ya mfukoni

Inafaa kwa anayeshinda njiani au shambani: kondakta, mchuma chai, mwanafunzi wa bweni. Maandishi ni madogo, hilo ulijue.

Ya nne: simu

Programu ya YouVersion ni ya bure, ina Biblia za Kiswahili, na unaweza kupakua tafsiri ukasoma bila bando. Bible.is ina sauti, na hiyo ni baraka kwa asiyeona vizuri au asiyejua kusoma. Hata hivyo kwa kuanza tabia naiweka chini, kwa sababu ujumbe wa WhatsApp ukiingia katikati ya Mathayo 5, wengi hatuirudii sura ile.

Ya mwisho: Biblia kubwa yenye maelezo, au ya zawadi yenye zipu

Maelezo chini ya ukurasa ni msaada mkubwa kwa anayefundisha. Anayeanza huishia kuyasoma hayo na kuliacha Neno lenyewe juu. Ya zipu, nyeupe, ya harusini, hubaki sebuleni.

Lugha ya nyumbani

Ukimnunulia mama au bibi, uliza pia kama kuna sehemu za Maandiko kwa lugha yake. Kazi ya kutafsiri kwa Kisafwa, Kimalila, Kisangu, Kibena na Kikinga imefanyika hapa hapa kusini, na maandishi hayo hayafiki kila duka. Mchungaji wake huenda anajua yanakopatikana.

Ongeza kaunta buku moja na kalamu. Anza na Marko, yenye sura 16, sura moja kwa siku, ukiandika mstari mmoja uliokugusa. Ukimaliza nenda Mithali: sura 31, mwezi mmoja kamili. Mambo ya Walawi yasubiri kwanza. Na kama pesa ya Biblia nzima haijatimia mwezi huu, uliza Injili moja iliyochapwa peke yake kama kijitabu, uanze nayo leo jioni.