Miaka miwili na spika zinazoeneza sauti pande zote

Kwa muda mrefu sebule yangu ilikuwa na kiti kimoja tu cha kusikilizia muziki. Spika za kawaida, zenye uso mmoja unaomtazama msikilizaji, zilimpa sauti kamili yule aliyeketi katikati mbele yake, na waliobaki wakaambulia besi nzito na sauti nyembamba zilizofifia. Miaka miwili iliyopita nilinunua jozi ya spika zinazoeneza sauti pande zote, na tangu hapo kiti kile kimekuwa kiti kama vingine. Tathmini hii inatokana na kuishi nazo, kuzihamisha mara nyingi kuliko nilivyotarajia, na kusikiliza pia za rafiki zangu wawili walionunua za miundo tofauti.

Kinachozitofautisha ni namna zinavyoshughulikia sauti nyembamba. Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 343 kwa sekunde. Kwa hiyo wimbi la besi la hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, ilhali la sauti nyembamba la hezi 10,000 halifikii hata sentimita 4. Wimbi refu hulizunguka sanduku la spika na kuenea kila upande, lakini wimbi lililo fupi kuliko upana wa koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka na kutoa sauti, hukusanyika na kuelekea mbele kama mwanga wa tochi. Ndiyo kusema karibu kila spika hueneza besi pande zote, na ugumu wote umo katika kuzifanya sauti nyembamba zienee vivyo hivyo.

Wabunifu wamelitatua jambo hili kwa njia zisizofanana hata kidogo. Mhandisi wa Marekani Lincoln Walsh aliigeuza koni mdomo ukatazama chini, ili mawimbi yatoke mgongoni mwake kwa duara zima, na kampuni ya Ohm ikatumia wazo hilo katika spika zake za miaka ya 1970. Kampuni ya MBL ya Ujerumani hutumia vipande vyembamba vilivyopindwa vikafanana na tikiti lililosimama, ambavyo hutanuka na kusinyaa. Duevel, pia ya Ujerumani, huzilaza koni zikatazama juu na kuweka juu yake umbo linalotawanya sauti. Spika ya Bose 901 ya mwaka 1968 hutajwa mara nyingi pamoja na hizi, lakini mimi naiweka kando, kwa kuwa koni nane kati ya tisa zilizo ndani ya sanduku lake huelekezwa ukutani, na hilo ni jambo jingine.

Zangu ni za aina ya kutazama juu, na wiki ya kwanza zilinivunja moyo. Nilizisimamisha karibu na ukuta, mahali palepale pa zile za zamani, na sauti ikawa nene, imefumbana, besi ikivuma hata pale wimbo ulipokuwa mtulivu. Kosa lilikuwa langu. Sauti inayoakisiwa na ukuta ulio sentimita 20 nyuma ya spika humfikia msikilizaji baada ya milisekunde moja hivi, mapema mno kwa sikio kuitenganisha, ikaibadilisha sauti yenyewe. Nilipozisogeza mita nzima kutoka ukutani, mwakisiko ulichelewa kwa takriban milisekunde 6, sikio likaupokea kama upana wa chumba, na piano ikasikika kana kwamba imewekwa sakafuni mbele yangu, ikiwa na uzito na hewa kuizunguka. Lilibaki tatizo moja: upande wa kushoto nina dirisha kubwa la kioo na kulia kabati la vitabu, hivyo mwimbaji akawa anavutwa kushoto kila mara. Pazia zito lilimrudisha katikati.

Furaha yangu kubwa ni kwamba sasa naweza kusimama mlangoni, au kuketi sakafuni na watoto, na uwiano wa ala ukabaki uleule. Okestra na rekodi za ukumbini hunufaika zaidi. Sauti moja na gitaa hunufaika kidogo, na hapa namwelewa rafiki yangu mmoja aliyeziuza zake: yeye alitaka kumwona mwimbaji akiwa nukta moja kati ya spika mbili, naye akampata mwimbaji mpana kama mlango. Mwenzake, mwenye chumba kikubwa chenye wageni kila jioni, hazibadilishi kwa kitu chochote.

Spika nyingi za aina hii huhitaji amplifaya yenye nguvu, kwa kuwa sehemu kubwa ya sauti haiendi moja kwa moja kwa msikilizaji. Yangu ya zamani ililemewa nikalazimika kuibadilisha. Ambaye spika zake zitabanwa pembeni mwa chumba kidogo, sitamshauri azinunue. Mwenye nafasi na azijaribu kwanza nyumbani kwake, kwa makubaliano ya kuzirudisha, kwa sababu sauti ya dukani ni sauti ya kuta za duka. Na kwa aina hii inayotazama juu, vumbi hutua juu ya koni kila wiki. Mimi huliondoa kwa brashi laini ya kupakia rangi, bila maji na bila kukandamiza.