Tobias wa Allegiant siye Tobias niliyemjua

Usiku mmoja nilikifunga kitabu hiki kwa hasira, nikiwa nimefika katikati tu, na sikukigusa tena kwa siku kadhaa. Hasira hiyo haikutokana na kifo ambacho kila aliyesoma Allegiant, riwaya ya tatu na ya mwisho katika mfululizo wa Veronica Roth, hukitaja kwanza. Kifo hicho nilikuwa sijakifikia, ingawa binti ya kaka yangu, aliyeniazima vitabu vyote vitatu, alikuwa amekwisha kunidokezea bila kusema neno, kwa jinsi alivyonitazama kila nilipomwambia nimefika sura ya ngapi. Aliyenikasirisha ni Tobias. Asiyependa kuelezwa mwisho wa hadithi kabla hajaisoma na aishie hapa, kwa maana siwezi kulalamika nusunusu.

Katika Divergent na Insurgent, vitabu viwili vya kwanza, tunamwona Tobias kwa macho ya Tris, msichana anayesimulia na mpenzi wake, peke yake, na kwa macho hayo ni mtu aliyekamilika kwa namna yake. Wenzake humwita Four kwa sababu ana hofu nne tu: kimo, kubanwa mahali padogo, kumuua mtu asiye na hatia, na Marcus, baba yake mzazi, akiwa na mkanda mkononi. Ni kijana anayeogopa kwenda juu, lakini alipanda pamoja na Tris kwenye gurudumu kubwa la bembea pale Navy Pier huku pumzi zikimwishia. Mgongoni amechora alama za makundi yote matano ya mji wao wa Chicago, kwa kuwa ujasiri peke yake haumtoshi. Anataka pia kuwa mtu wa kujinyima, mwenye akili, mpole na mkweli. Katika kitabu cha pili alimcharaza Marcus mkanda mbele ya kadamnasi, jambo ambalo sikulipenda, lakini lilikuwa jambo la Tobias yuleyule niliyemzoea, mwenye ghadhabu iliyofungiwa muda mrefu na mwenye kujua hasa anachokifanya.

Ndipo Veronica Roth akaamua kwamba kitabu cha tatu kisimuliwe na wawili. Sura hii ni ya Tris, ile ni ya Tobias, na jina la msimulizi limeandikwa juu ya kila sura. Nakiri kwamba nilifurahi nilipoliona jina lake kwa mara ya kwanza, kama anayefunguliwa mlango wa chumba alichokuwa akipita nje yake siku zote. Furaha hiyo haikudumu. Nilipoingia ndani nilimkuta Tris. Ni sentensi zilezile fupi, ni utulivu uleule wa kuchungulia hisia kabla ya kuzitaja, na hata namna ya kumtazama mtu na kukisia kilichomo moyoni mwake ni ya binti, si ya yule mkufunzi mkavu aliyekuwa akiwatetemesha vijana wageni. Mara kwa mara nilijikuta nikisoma kurasa mbili nzima, kisha nikarudi nyuma kutazama ni nani aliyekuwa akisema nami. Mwishowe nilifanya jaribio la kitoto: binti ya kaka yangu aliziba jina kwa kidole gumba, akanisomea aya ya kwanza ya sura, nami nikakisia. Katika sura tano nilikosea tatu, na mimi si mtu wa kusoma kwa pupa.

Hata hivyo, sauti ningeivumilia. Lililonishinda ni lile linalotokea katika makao ya wanasayansi, yaliyowekwa katika uwanja wa zamani wa ndege wa O'Hare. Huko Tobias anaambiwa kwamba vinasaba vyake vimeharibika, na kwamba yeye si Divergent halisi (mtu asiyefungwa na kundi moja tu) kama Tris, ijapokuwa anaweza kujitambua akiwa ndani ya njozi za kutengenezwa kwa dawa, jambo ambalo sote tumelishuhudia. Na anaamini! Mtu aliyelelewa katika mji ambao viongozi wake wamemdanganya tangu azaliwe, aliyegundua kwamba mama aliyedhani amekufa yu hai, aliyejifunza kwa gharama kubwa kutomwamini yeyote mwenye madaraka, anapewa karatasi ya majibu ya maabara na wageni aliowajua kwa siku chache, kisha anaporomoka kama ukuta wa udongo uliolowa mvua. Nilisubiri kwa sura kadhaa aulize swali moja tu lenye makali. Badala yake akamfuata Nita, mwanamke aliyemjua juzi, katika njama ambayo haielewi nusu yake. Tris anamwonya waziwazi kwamba hamwamini mwanamke huyo, naye anamjibu kwamba ni wivu unaomsumbua. Hapo ndipo nilipokifunga kitabu.

Matokeo ya njama hiyo ni mlipuko unaomjeruhi Uriah kichwani. Haamki tena, na baadaye mashine zinazomweka hai zinazimwa ndugu zake wakiwa kando yake. Kumbuka kwamba Zeke, kaka yake Uriah, ni rafiki wa Tobias, na Tobias alikuwa ameahidi kumtunza mdogo huyo. Hapa nina lalamiko ambalo naamini ni la haki hata hasira ikipoa. Tris alipompiga risasi Will, rafiki yake aliyekuwa akiendeshwa na dawa, tulibeba mzigo huo pamoja naye katika kitabu kizima cha pili: hawezi kushika bunduki, halali, na kila anapomwona Christina, mpenzi wa Will, anajiona muuaji. Hatia ya Tobias kwa Uriah haikupewa nafasi kama hiyo. Inatajwa, inauma kwa kurasa chache, kisha hadithi inaharakishwa kwa sababu kuna mji wa kuokoa. Kijana aliyekuwa mcheshi kuliko wote katika mfululizo huu ameuawa ili Tobias apate somo, na somo lenyewe limepitiwa kama mtu anayekimbilia basi.

Niliyasema haya yote mbele ya binti ya kaka yangu, kwa sauti ambayo huenda ilizidi kiasi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanijibu kwa adabu yenye sumu: "Shangazi, wewe ulitaka abaki picha ya ukutani." Nilimwambia akaoshe vyombo.

Lakini neno lile lilinikaa. Siku niliyokifungua tena kitabu, nilianza kwa kurudi kwenye Divergent, katika hofu ile ya nne, ambapo Marcus anamjia na mkanda huku akimwambia kwamba anampiga kwa faida yake mwenyewe. Nikajiuliza kama mtoto aliyeambiwa hivyo miaka yote, tena na mtu aliyeheshimiwa na mji mzima, ana kinga gani siku wataalamu wanapomwambia kwamba kasoro imo ndani ya damu yake. Labda karatasi ile haikumwambia jipya. Labda ilithibitisha alichokuwa akikishuku tangu utotoni, na ule ukakamavu tulioupenda ulikuwa ngozi ya juu ambayo Tris, kwa mapenzi yake, hakuweza kupenya. Nikisoma hivyo, kuporomoka kwake kunaanza kuwa na maana, na ninalazimika kukiri kwamba nyota mbili nilizokuwa nimezipanga kichwani ni chache mno. Ila ninauliza pia: kama hilo ndilo lililokusudiwa, kwa nini nimefikishwa huko na mtoto wa darasa la kumi na moja, na sura za Tobias mwenyewe hazikunifikisha?

Kwa upande wa Tris sina ugomvi. Katika kitabu cha pili alijipeleka mwenyewe kwa Jeanine, kiongozi wa maadui zake, akiwa nusu anatamani kufa ili hatia ya Will imwishie. Katika kitabu hiki anaingia maabara ya silaha badala ya Caleb, kaka aliyemsaliti, na safari hii anataka kuishi. Anaishinda hata dawa ya mauti, kisha anaangushwa na risasi za David, mkuu wa wanasayansi wale, mzee aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu. Wako waliomchukia mwandishi kwa sababu hiyo. Mimi nililia, lakini sikumchukia, kwa kuwa yule aliyekufa alikuwa bado ni Tris, tena amekua.

Na ajabu ni kwamba Tobias naye alinirudia wakati huohuo, nilipokuwa nimekwisha kumkatia tamaa. Anakwenda kwa mama yake, Evelyn, akiwa na dawa ya kufuta kumbukumbu, na mpango wake ulikuwa kummalizia nayo mmoja wa wazazi wake. Akifika, anaacha mpango huo na kumtaka mama achague: mji au mwana. Mama anamchagua mwana. Sura hiyo niliisoma mara mbili bila kuziba jina lolote, na sikuhitaji kuuliza ni nani anayesimulia. Vivyo hivyo anapotaka kuinywa dawa hiyohiyo ili amsahau Tris, na Christina akamzuia. Na pia pale mwishoni, miaka miwili na nusu baadaye, yule mwoga wa kimo anapoteleza kwenye waya kutoka juu ya ghorofa refu huku akimwaga majivu ya mpenzi wake hewani. Kama angekuwa hivi tangu sura yake ya kwanza, leo ningekuwa naandika jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo nampa nyota tatu, ingawa jana zilikuwa nne na juzi mbili. Kitabu nimekwisha kukirudisha, kisha wiki iliyopita nikakiazima tena kwa ajili ya sura ile ya Evelyn tu, nikacheka pamoja na mwenye kitabu aliponikabidhi bila kuniuliza ni sura ipi. Nita sijamsamehe.