Nimeishukia MV Dania: kiongozi safi, miwani ovyo

Mimi nilitaka kuzamia kwenye nyambizi iliyozama. Tangu nisome kisa cha Khedive Ismail, meli iliyoondoka Mombasa Februari 1944 ikapigwa na nyambizi ya Kijapani, I-27, karibu na Maldivi, wakafa watu karibu 1,300 wakiwemo mamia ya askari wa Afrika Mashariki, nimekuwa na wazimu wa vyuma vya baharini. I-27 nayo ilizamishwa siku ileile, lakini iko mbali, na kina chake si cha mtungi wa mgongoni. Basi nikaridhika na Dania, meli iliyokuwa ikibeba mifugo, ikazamishwa makusudi nje ya mwamba wa Bamburi mwaka 2002 iwe nyumba ya samaki.

Nenda wakati wa kaskazi. Kusi likivuma maji huchafuka, utalipa pesa uone ukungu.

Tulishuka kwa kamba ya boya, polepole, huku nikibana pua kufungua masikio. Kwanza giza la buluu, halafu ghafla omo ya meli hii hapa, imesimama wima kama inangoja abiria. Chewa mkubwa chini ya ngazi, kolekole wakipita kwa kundi, mkunga kwenye bomba. Mapezi yangu mekundu yakawa rangi ya matope. Wekundu haufiki huko. Mita 30 maji hukubana kiasi kwamba pumzi moja hula hewa ya pumzi nne za juu, nikadhani mtungi wangu una tundu! Tena kina kinalevya. Nilijikuta nahesabu misumari ya mlango, nimetulia kabisa, mpaka kiongozi akanishika mkono na kunionyesha geji ya hewa. Ndani hakuniruhusu kuingia, kwa kuwa sina mafunzo hayo. Nilinuna, ila alikuwa sawa. Kupanda, dakika tatu tukaning'inia mita tano, naye hakuniondolea macho.

Miwani ya kukodi, sasa. Iliingiza maji safari nzima, mpira wake umekauka. Ofisini nikaambiwa ni ndevu zangu. Ndevu huvujisha, sikatai, lakini kesho yake nilijaribu ya rafiki yangu pale Nyali, hata tone.

Uliza bei ya mkaazi kabla hujapanda boti, watu wa ofisini hawakutajii wenyewe. Mimi narudi Januari, na miwani yangu. Ndevu sinyoi.