Behance kwa Msanifu wa Kisumu: Inafaa, Ila Haitoshi Peke Yake
Msanifu wa michoro ambaye kazi zake nyingi ni mabango ya maduka ya Barabara ya Oginga Odinga na lebo za bidhaa zinazouzwa katika soko la Kibuye anahitaji mahali pa kuzionyesha bila kumtumia kila mteja picha moja moja kwa WhatsApp. Behance, jukwaa la mtandaoni la kuonyesha kazi za ubunifu lililonunuliwa na Adobe, kampuni ya programu za usanifu, mwaka 2012, huifanya kazi hiyo vizuri, tena bila malipo.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba kila mradi hupewa ukurasa wake, picha na maelezo yakifuatana kutoka juu hadi chini. Nilipopakia bango la duka la samaki, nilianza na mchoro wa penseli, nikaweka majaribio ya rangi, kisha bango lenyewe likiwa limetundikwa juu ya mlango. Mteja aliyetaka kujua kwa nini ninatoza zaidi ya mchoraji wa kando ya barabara aliupitia ukurasa huo kwenye simu yake, na mazungumzo ya bei yakawa mafupi.

Picha zipunguzwe uzito kabla ya kupakiwa, kwa sababu wateja wetu huhesabu bando.

Kwa maandishi marefu, hata hivyo, ningependekeza blogu ya WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, yenye anwani ya .co.ke, ambayo hulipiwa kila mwaka: huko msanifu hueleza fikra zake kwa nafasi, na jina linaloonekana kwanza ni lake.